Ufa wa Januari, pesa za Juni

SWALI: Injinia, salaam. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya upili ya umma karibu na Ahero, kaunti ya Kisumu. Tuna jengo la matofali la madarasa manne, lina miaka kama 14. Kwenye kona ya darasa la mwisho kuna ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari hadi chini ya paa. Tumeuziba kwa simiti mara tatu. Kila Januari hufunguka hadi kalamu inaingia, kufikia Mei unakuwa umejifunga nusu, na mlango wa darasa hilo hukwama. Bodi imegawanyika: wengine wanataka jengo libomolewe, wengine wanataka nguzo mbili za konkriti ziongezwe pale konani. Pesa za matengenezo nazo zikija huja Juni, na zinatakiwa ziishe upesi. Tufanye nini?

JIBU: Mwalimu, asante kwa kutaja miezi. Wengi huniandikia "jengo lina ufa", basi, kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa". Hiyo Januari na Mei yako ni nusu ya jibu.

Msibomoe. Nguzo pia msizimwage kwanza.

Shule yenu imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule mafundi wanaouita blakikotoni, ambao umetanda sehemu kubwa ya uwanda wa Kano. Udongo huo ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa. Umeuona mwenyewe shambani mwezi wa Februari: ardhi imepasuka hadi fimbo inazama. Sasa fikiria ukuta uliosimama juu yake. Katikati ya jengo, chini ya sakafu, udongo umefunikwa na unyevu wake haubadiliki sana. Kona imezungukwa na jua pande mbili. Kiangazi kona hushuka, masika hupanda, na ukuta wa matofali haujui kupinda, kwa hiyo hukatika pale palipo dhaifu, yaani pembe ya dirisha. Angalia ufa wenyewe: ukiwa mpana juu kuliko chini, kona ndiyo inayoshuka. Nadhani ndivyo utakavyokuta.

Sasa lile la kuziba. Sote tumelelewa na "usipoziba ufa utajenga ukuta", na katika udongo wa Kano methali hiyo imewaponza wengi. Mlipoziba Januari, ufa ulikuwa umepanuka kabisa. Mkaujaza simiti, ikakauka ikawa jiwe. Masika yalipofika kona ikataka kurudi mahali pake, ikakuta kabari. Haikuweza kurudi, ikasukuma ukuta upande mwingine. Januari iliyofuata ikashuka tena, mkaongeza kabari ya pili. Kwa mara tatu mmekuwa mkiupasua ukuta wenu wenyewe, kwa nia njema na kwa simiti ya kununua.

Swali ninalolipenda zaidi ni hili: kwa nini kona hiyo na si zile nyingine tatu? Udongo ni uleule. Kwa hivyo kuna kitu pale kinachoongeza maji au kinachoyanyonya. Nenda ukaangalie vitu vitatu.

Kwanza gata. Paa la madarasa manne halikosi mita 200 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivyo mvua ya milimita 20, ambayo kwenu inaweza kunyesha jioni moja, inamwaga lita 4,000 kutoka paani. Kama gata imekatika au haikuwahi kufungwa, au bomba la kuteremsha maji limeishia futi mbili juu ya ardhi, sehemu kubwa ya maji hayo inaingia kwenye msingi wa kona moja. Halafu kiangazi kinakuja na kona hiyohiyo inakauka. Iliyovimba zaidi ndiyo inayosinyaa zaidi.

Pili, maji yanayodondoka siku zote. Wakati wa korona shule nyingi ziliweka matangi ya kunawia mikono karibu na kuta za madarasa, na mifereji yake bado inavuja hadi leo. Tena kuna mabomba ya kwenda vyooni yaliyofukiwa na mtu ambaye keshastaafu.

Tatu, miti. Mkaratusi hunywa maji mengi, na ukisimama mita tano kutoka ukutani, mizizi yake iko chini ya darasa. Mti unaopenda maji namna hiyo unafaa kuwa mbali na jengo angalau kwa urefu wake. Lakini usikimbilie panga. Kama mti ni mkongwe kuliko jengo, udongo ulikuwa umekaushwa kabla msingi haujachimbwa; ukiukata ghafla, ardhi itakunywa maji iliyoyakosa miaka yote hiyo na kuinua sakafu. Punguza matawi kwanza, kidogokidogo.

Ukishajua chanzo, kazi yenyewe si ya kutisha. Gata upande wote wa paa, bomba hadi kwenye tangi, na maji yanayofurika kwenye tangi yaelekezwe kwenye mtaro usiopungua mita tatu kutoka ukutani. Kisha aproni, yaani sakafu ya konkriti ya nje kandokando ya ukuta, kuzunguka jengo zima, si kwenye kona mbovu peke yake. Upana wake uwe mita moja na nusu, ishuke sentimita tano kwa kila mita kuelekea nje, na isishikamane na ukuta: acheni nafasi ndogo mwijaze lami. Aproni haifukuzi tu maji ya mvua. Inazuia pia jua lisiukaushe udongo ulio chini yake, na shida yenu ni udongo kubadilika-badilika. Ungekuwa umelowa mwaka mzima au umekauka mwaka mzima, usingewasumbua.

Nguzo hazina ubaya zikikanyaga mwamba au muramu ngumu, ile changarawe nyekundu. Zikisimama juu ya udongo uleule, zitapanda na kushuka pamoja na ukuta, ila sasa kona itakuwa nzito zaidi. Kabla ya kuamua lolote kuhusu nguzo, chimbeni shimo konani mwone msingi umefika wapi. Nimewahi kuchimbua msingi wa darasa la umma uliokwenda chini futi mbili tu, ilhali udongo unavimba na kusinyaa hadi kina cha mita moja na nusu au zaidi. Mchoro ulisema futi tano. Mchoro wenyewe tuliupata kwa mkandarasi. Shuleni hapakuwa na nakala.

Hapo ndipo ugonjwa wa majengo ya umma ulipo, nami naona unazidi ule wa udongo. Nyumba yako unaijua: unakumbuka lini bati lilitoboka na nani alifunga bomba. Jengo la umma halina wa kulikumbuka. Mwalimu mkuu huhamishwa, bodi hubadilishwa, mlinzi aliyejua bomba linapita wapi hufariki. Kila anayekuja huuona ufa kwa mara ya kwanza.

Juu ya hayo kuna kalenda ya pesa. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, ndiyo maana pesa hukimbizwa wakati huo. Juni kwenu masika yamepita, udongo umeshiba, ufa umejifunga. Fundi hupiga plasta na rangi, picha hupigwa, cheti cha kukamilisha kazi hutiwa sahihi, na hakuna aliyedanganya: ukuta kweli ni mzima siku hiyo. Januari hufunguka tena, mkandarasi akiwa amekwisha lipwa. Kwa hiyo pesa za Juni zisinunue plasta. Zinunue gata, tangi na aproni, vitu visivyojali mwezi. Orodha na makadirio yawe tayari tangu Machi, yakiwa yamepitiwa na afisa wa kazi za umma, ili pesa zikitua msianze kukuna vichwa. Najua bodi hupenda jengo jipya lenye jiwe la msingi na jina la mgeni rasmi. Gata haiwekwi jiwe la msingi.

Wakati huohuo, pigilieni misumari miwili ya konkriti, mmoja kila upande wa ufa, umbali wa sentimita kumi. Kila Jumatatu ya pili pima kwa rula ya chuma na uandike tarehe, kipimo, na kama mvua imenyesha, katika daftari litakalokaa ofisini na kukabidhiwa pamoja na funguo. Mwambie pia fundi apitishe mpira wa maji, ule wa kupimia usawa, kuzunguka jengo aone kona imeshuka kiasi gani. Ufa uachwe wazi mwaka mzima. Kama mvua inaingia, zibeni kwa kitu laini, silikoni au hata gunia lililopakwa lami. Ukishatulia ndipo fundi akwangue viungio vya matofali na kulaza vyuma vya milimita nane, kila kimoja mita moja, kukatisha ufa kila baada ya safu tatu, kwa chokaa na mchanga na simiti kidogo.

Jambo moja halisubiri vipimo. Ufa ukizidi milimita 25, au ukuta ukianza kuegemea nje, au linta, ile boriti iliyo juu ya dirisha au mlango, ikiachana na matofali, watoeni wanafunzi siku hiyohiyo, hata kama ni wiki ya mitihani.

Msomaji wa Nakuru au Kakamega asilichukue jibu hili lilivyo. Nakuru kuna majivu ya volkeno ambayo hudidimia kwa namna yake, na udongo mwekundu wa Kakamega hauchezi hivi.

Januari ikipita, Mwalimu, nitumie nakala ya daftari pamoja na kina cha msingi mlichokikuta shimoni. Kama ufa utakuwa bado unacheza zaidi ya milimita tano baada ya gata na aproni, hapo tutazungumza habari ya nguzo.