Jibu: Darasa la Kiingereza lililo kimya, chuoni Tabora

Karibu Tabora, dada. Umeuliza ufanyeje na mwaka wa kwanza wanaokaa kimya ukiwauliza kwa Kiingereza, wewe ukitokea Nairobi.

Usidhani ni uvivu. Wengi wamesoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo yakageuka ghafla kuwa ya Kiingereza, na aliyekosea alichekwa na wenzake. Kwa hiyo wiki za mwanzo usimsimamishe mtu peke yake. Waweke wawili wawili, wapange hoja kwa Kiswahili, ndipo waiseme kwa Kiingereza. Tena wape mambo wanayoyajua: asali ya miombo, kilimo cha tumbaku, tembe (nyumba ya udongo) la mpelelezi Livingstone pale Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mwaka 1872. Kila kundi lijifanye linamtembeza mgeni kwenye tembe hilo. Utasikia sauti ambazo hukuwahi kuzisikia.

Kwenye insha, sahihisha aina moja ya kosa kwa wakati. Karatasi iliyojaa wino mwekundu inavunja moyo, na hilo linaniuma sana nikiliona.

Vibali: hata Mkenya anahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi, ni viwili tofauti. Usianze kufundisha kabla havijatoka.