Fisi anaomba kazi ya ulinzi

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama michezo darasani inawapotezea watoto muda wa masomo. Limenigusa pabaya, maana nafundisha Kiswahili shule ya msingi na ofisini naulizwa hilohilo, kwa sauti isiyosubiri jibu. Mimi ningeuliza jingine: mtoto wetu anajifunzia wapi kuomba kitu kwa hoja? Nyumbani akitoa sababu anaambiwa ana mdomo. Shuleni tunamkaririsha anwani mbili, tarehe, YAH, "husika na kichwa cha habari hapo juu", mwisho "wako mtiifu". Hapo katikati hana la kusema.

Siku moja niliwagawa darasa la nne. Nusu wakawa Fisi anayeomba kazi ya kulinda zizi la mbuzi, nusu wakawa wenye zizi, na kila barua ilikuwa lazima ijibiwe. Kelele zilivuka ukuta. Wengi walidai wameacha nyama. Hakuna mwenye zizi aliyewaamini. Mvulana mmoja akaandika, "Mimi usiku silali, kwa hiyo hutanunua tochi." Halafu yule binti wa dawati la nyuma, asiyenyoosha mkono hata kuomba kwenda chooni: "Najua unaogopa nitakula mbuzi. Wahesabu kila asubuhi. Akipungua mmoja, kata mshahara wangu." Akajibiwa kwa herufi kubwa: NJOO NA MDHAMINI. Akageuza karatasi ileile, akaandika nyuma, "Mdhamini wangu ni Simba. Kama una shaka nenda kamuulize." Darasa likaangua kicheko. Kuiwahi hofu ya mwajiri kabla hajaitamka, hilo halikuwamo kwenye andalio langu la somo.

Ila kipindi ni dakika 40, nasi tulikula na cha Hisabati. Barua ya binti haikuwa na tarehe wala anwani, na msahihishaji hana alama za kumpa Simba. Serikali inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi ninao zaidi, na kila barua ina majibu yake ya kusomwa.

Kwa hiyo kwa swali lenu lilivyo, jibu langu ni ndiyo, muda unapotea. Muundo ufundishwe kwanza, ubaoni, Fisi aje mwisho wa muhula. Isipokuwa kwa wale wasionyoosha mkono. Hao wapewe Fisi hata kesho, mradi mwalimu wa Hisabati awe ameombwa mapema, ikibidi kwa barua.