Nikijiambia "Mimi ni Jasiri", Moyo Unanikatalia

SWALI: Assalaam aleikum, Mshauri. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakala wa forodha hapa Mombasa, na kila ninapotakiwa kuzungumza mbele ya wakubwa, sauti hunikauka. Shoga yangu amenifundisha nijiambie kila asubuhi, "Mimi ni jasiri, simwogopi mtu," lakini nikisema hivyo nahisi ninajidanganya. Je, niendelee?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Endelea, ila maneno hayo yabadilishe. Aliyeieneza sana njia hii ni Émile Coué, mfamasia wa Ufaransa aliyefariki mwaka wa 1926. Aliwaagiza wagonjwa wake waseme mara 20 asubuhi na mara 20 usiku kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kupata nafuu, huku wakihesabu kwa uzi wenye mafundo 20, kama mtu anayevuta tasbihi. Angalia kwamba hakuwataka wadai kuwa wameshapona. Tena alitaka yasemwe kwa utulivu, bila kujikaza, kwa kuwa aliamini kwamba nia ikishindana na picha iliyomo akilini, picha ndiyo hushinda. Wewe unatamka kwamba humwogopi mtu, na papo hapo unamwona mkubwa wako amekukazia macho!

Wala hali hiyo si yako peke yako. Mwaka wa 2009 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wasiojithamini, waliporudia kauli kuwa wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakuirudia.

Kwa hiyo sema jambo ambalo moyo wako hautalibishia, kwa mfano, "Kazi yangu naijua, na kila nikiieleza ninazidi kutulia." Liseme kitandani kabla ya kulala; ndani ya matatu sikushauri, maana muziki wa mle haumwachii mtu nafasi ya kujisikia. Kisha chagua shehena moja unayoishughulikia, umweleze mwenzako wa ofisini kwa sauti jinsi hati zake zilivyo na ushuru wake ulivyokokotolewa, mpaka maelezo yatoke bila kukwama, kwani maneno ya kujisemea hayamfundishi mtu kazi ambayo ulimi wake haujaizoea.

Shoga yako usimlaumu. Yamkini yeye alijiamini tangu awali, na mtu wa namna hiyo huyatamka maneno kama hayo bila moyo wake kumbishia.