Kabla ya Kesi Yako, Nenda Ukasikilize za Wenzako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Malindi aliniandikia kwamba mteja wake amekataa kumlipa deni la samaki, na kwamba kila akifikiria kwenda kortini miguu inamwisha nguvu. Nilimjibu kwa ufupi, lakini kwa kuwa wengi wetu wenye biashara ndogo tunatamani kuzikuza, na huku tunaliogopa jengo la mahakama kuliko hasara yenyewe, nimeona nieleze kwa kirefu.

Mimi ni mshonaji. Shule moja ya kibinafsi iliniagiza sare, nikakopa vitambaa, nikashona, nikazipeleka na kutiliwa sahihi, kisha malipo yakawa ya kesho na keshokutwa, hadi siku mwenye shule aliponiambia mbele ya wafanyakazi wake, "Mama, ukitaka nenda kortini." Maneno yale bado yananichoma, hasa asubuhi ninapowaona watoto wakipita mbele ya duka langu wamevaa kazi ya mikono yangu. Niliuza cherehani ili nimlipe aliyenikopesha vitambaa. Basi nikaenda kortini, na mwezi uliopita nililipwa.

Kilichonisaidia zaidi ya yote ni kwamba, kabla ya kufungua madai, nilikwenda kukaa na kusikiliza kesi za watu wengine. Sheria inaruhusu. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa hadharani, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mahakama ya jinai ni mahali pa wazi ambapo umma unaweza kuingia, kadiri nafasi inavyotosha. Hakuna kiingilio wala mwaliko. Mahakama za mahakimu zilizo katika kaunti zetu si za gavana, ni za Idara ya Mahakama, na ndiko kesi nyingi huanzia: wizi, shambulio, ajali za barabarani, madeni na mikataba. Hapo ndipo mashahidi husikilizwa na vielelezo hupokelewa. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu. Kesi ya mauaji ya kukusudia haisikilizwi na hakimu, huanzia Mahakama Kuu moja kwa moja.

Siku niliyoingia, mzee mmoja alisimama kizimbani asielewe alichoulizwa, na hakimu akasimamisha shughuli hadi alipopatikana mkalimani wa Kigiriama, kwa maana mshtakiwa ana haki ya mkalimani bila malipo. Katika kesi ya deni iliyofuata, mama mmoja aliitwa aonyeshe risiti zake. Alizitoa kwenye kikapu moja baada ya nyingine, nyingine zimekunjwa mara nne, nyingine wino umefutika, na mikono yake ikawa inatetemeka huku wakili wa upande wa pili akimtazama tu. Jioni ile nilipanga karatasi zangu kwa tarehe: agizo la shule, hati ya kupokelewa mzigo yenye sahihi, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya awali. Nikazipa namba. Dada yangu, panga karatasi zako.

Ukienda, fika mapema, ubebe kitambulisho, na ukubali kukaguliwa langoni. Orodha ya kesi za siku hubandikwa ubaoni. Kama huielewi, uliza kwenye dawati la huduma kwa wateja, kwa sababu kesi nyingine hutajwa tu na kuahirishwa, na nyingine husikilizwa kwa njia ya mtandao. Zima simu, usipige picha, simama hakimu anapoingia. Kwenye kesi za watoto hutaruhusiwa kuingia, na ni sawa kabisa. Usimpe fedha mtu yeyote anayezungukazunguka nje akidai anaweza kukusogezea faili. Ada za mahakama hulipwa kwa utaratibu rasmi na hutolewa risiti. Na nasema tena, panga karatasi zako.

Deni lako, kama halizidi shilingi 1,000,000, linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka madai yaamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mimi nilijisimamia mwenyewe, kwa Kiswahili, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia kila sentensi niliyoitamka. Wafanyabiashara wenzangu, tuache kuwasamehe wanaotudharau kwa kisingizio cha kupenda amani. Mtu aliyekula jasho lako hajakuomba amani, amekuomba unyamaze.

Jambo la mwisho ambalo dada huyu hakuliuliza: hukumu ikitoka, usisubiri mdaiwa akupigie simu. Mwenye shule alinyamaza baada ya kushindwa, kwa hiyo nikarudi masjala kuomba utekelezaji wa hukumu, ambao humruhusu dalali wa mahakama kukamata mali ya mdaiwa na kuiuza. Notisi ya dalali ilipomfikia, fedha zangu zililetwa dukani, na mhasibu wake ndiye aliyezileta.