Kabla Hujasema Gemu za Zamani Zimekuchosha

Mtu akirudia gemu aliyoipenda utotoni na kuiona nzito, haraka husema amekua, ladha imebadilika. Mara nyingi kilichobadilika ni televisheni.

NES ya Nintendo, Mega Drive ya Sega na mashine nyingine za gemu za enzi hizo zilitengenezwa kwa televisheni za kichogo, ambazo huonyesha picha papo hapo. Televisheni bapa huipokea picha, huisafisha, huikuza, ndipo huionyesha. Gemu ya picha 60 kwa sekunde hutoa picha moja kila milisekunde 16.7. Televisheni ikichelewa milisekunde 100, Mario wa Super Mario Bros. (1985) ataruka picha sita baada ya kidole kubonyeza. Unatumbukia shimoni, unalaumu umri.

Anzia kwenye mipangilio ya televisheni: washa hali ya gemu, zima kulainisha mwendo na kupunguza chenga, kisha rudisha umbo la picha kuwa 4:3 ili Mario asionekane amenenepa. Kama bado inachelewa, shida huenda ni waya wa njano unaopeleka picha kwenye televisheni. Mashine hizo hutoa mistari 240 kwa kila picha, lakini televisheni nyingi mpya hudhani ni 480 iliyogawanywa nusu kwa nusu, zikaanza kuunganisha kisichohitaji kuunganishwa. Vigeuzi vya bei rahisi vya kwenda HDMI hufanya kosa lilelile. Kinachofaa ni kifaa kinachoijua 240, mfano OSSC au RetroTINK. Bunduki ya Duck Hunt, gemu ya NES ya kuwinda bata, isahau kabisa. Bila kichogo haipigi bata.

Kuna pia suala la PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na kwingineko. Gemu nyingi za toleo hilo huenda kwa picha 50 badala ya 60, yaani pungufu kwa karibu asilimia 17. Sonic ya 1991 hupungua kasi pamoja na muziki wake. Aliyekua na PAL akicheza leo toleo la Marekani, vidole vitachelewa. Hapo si kuzeeka, ni mazoea ya mwendo mwingine.

Kaseti isiyowaka usiipulize. Mate huingia na kutia kutu kwenye meno yake ya shaba. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno pande zote mbili hadi pamba itoke safi, acha ikauke kabisa ndipo uichomeke. Ikiwaka lakini haihifadhi ulipofikia kama zamani, huenda betri yake ya ndani imekufa. Kaseti nyingi za Super Nintendo zenye betri hutumia CR2032 ya volti 3, na skrubu zake hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Betri imechomelewa kwenye vibati, kwa hiyo nunua ile inayokuja na vibati vyake na uilehemu kwa risasi, chanya kwa chanya. Kuibandika kwa gundi ya karatasi ni kujitafutia kazi mara ya pili. Ukiing'oa ya zamani, kilichobaki ndani kinafutika.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo ladha ipimwe. Tenganisha kwanza kuchoka na kukosa muda. Final Fantasy VII (1997) hukuruhusu kuhifadhi kwenye ramani ya dunia au sehemu maalumu tu. Ukiitwa ukiwa katikati ya pango, umepoteza. Kinachokuudhi hapo ni saa ya ukutani. Cheza kwa njia inayohifadhi popote uone kama hasira inaisha. Gemu zilizotoka kwenye mashine za sarafu nazo zilifanywa ngumu kusudi ili zimeze sarafu zako, kwa hiyo kuzikataa hakukufanyi mvivu.

Dalili ya kweli ni nyingine: umeshinda hatua, pedi inaitika vizuri, muda unao, na bado hutamani kuona hatua inayofuata. Hiyo kaseti mpe mwingine, ila toa betri kwanza kama imeanza kuvuja.