Ua jeupe? Nionyesheni jani kwanza

Mvua zimenyesha, maua yamechanua, na maswali yamekuja kwa wingi. Nimechagua machache. Mengine yatasubiri, hasa yale ambayo majibu yake yana madhara kwa watu na mifugo yakikosewa.

"Hili ni ua gani? Ni jeupe." (Wasomaji wengi, kila mmoja na picha ya ua peke yake)

Siwezi kujibu, na yeyote atakayekujibu kwa picha hiyo anabahatisha. Weupe si alama. Nimeshaomba, naomba tena: piga picha ya jani juu na chini. Angalia kama majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, au yanapishana moja moja. Tazama shina kama lina manyoya, miiba au mabaka. Vunja kikonyo uone kama kinatoa utomvu mweupe, kisha nawa mikono. Tunda likiwapo, lipige picha nalo. Weka sarafu kando, maana kwenye simu ua la milimita 4 na la sentimita 10 yanalingana. Na useme uko wapi! Anayeuliza kutoka Tanga na anayeuliza kutoka Makete hawaulizi juu ya mimea ileile.

"Limeota kando ya barabara karibu na Mafinga. Petali nyeupe, kitovu cha njano, majani yamechanikachanika, yana rangi ya kijivu." (Iringa)

Pareto iliyotoroka shambani.

"Kichaka chetu kina maua madogo meupe yenye wekundu kidogo shingoni, yananukia kama asumini. Naweza kuyatia kwenye chai?" (Voi)

Usitie! Wala usionje. Umeeleza kwamba majani ni magumu, yanang'aa, yanatazamana, na tawi likivunjwa linatoa maziwa. Asumini haitoi maziwa, kwa hiyo hiyo imeshatoka. Hapo yanabaki mawili yanayofanana mno: mtandamboo na msunguti. Yote yana maua meupe yenye wekundu na harufu tamu, yote yana utomvu mweupe, na matunda ya yote hugeuka zambarau iliyokoza yakiiva. Mtandamboo una miiba mirefu iliyonyooka, na watoto hula matunda yake miaka nenda rudi bila madhara. Msunguti hauna miiba. Huo ndio mti ambao Wakamba na Wagiriama walichemsha magome na kuni zake kupata sumu ya mishale, sumu inayoshambulia moyo, na tembo mzima aliangushwa nayo.

Wewe hukutaja miiba. Nenda ukatazame tena matawini, si kwenye ua. Kama haipo, waonye watoto leo hii, na vijiti vyake visichomewe mishikaki wala visikorogee uji. Kuna watu huandika mitandaoni kwamba kila ua linalonukia vizuri "lina faida mwilini". Wanahatarisha maisha ya watu, na ningependa waache.

"Bwawani kwetu kuna ua jeupe linaloelea. Linafunguka jioni, jua likipanda asubuhi linafumba. Ukingo wa jani una meno." (Kisarawe)

Yungiyungi jeupe. Lile la buluu hufunguka mchana. Msomaji huyu hakutuma picha hata moja, lakini alitaja jani na saa, akanirahisishia kazi.

"Ua kubwa jeupe kama tarumbeta, katikati ya mahindi. Bibi anasema majani yake hutibu pumu." (Dodoma)

Ni mnanaha. Jani pana lenye meno makubwa, ukilifikicha linanuka vibaya, na tunda la kijani limejaa miiba. Kama tunda limesimama wima na likikauka linapasuka pande nne, ni aina ile ya kawaida ya mashambani, yenye mbegu nyeusi bapa.

Bibi hakutunga. Majani hayo yaliwahi kuvutwa kwa ajili ya pumu katika nchi nyingi, kwa kuwa yana kemikali zinazolegeza njia za hewa. Lakini kemikali hizohizo hukausha mdomo, hutanua mboni za macho, huendesha moyo mbio na kumfanya mtu aweweseke, na hakuna anayeweza kupima kwa macho kiasi kilichomo kwenye jani moja. Mpeleke bibi hospitali apewe dawa ya kuvuta iliyopimwa. Mheshimu, ila usimwachie azime pumu kwa mnanaha.

Hukuniuliza juu ya mbegu, nami nazihofia kuliko majani. Mnanaha ukikomaa pamoja na mahindi, mtama au soya, mbegu huingia kwenye gunia. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada ulichanganyika na sumu ya mmea huu. Watu 5 walifariki na karibu 300 waliugua. Kwa hiyo ung'oe kabla matunda hayajapasuka, na upepete nafaka kwa makini.

"Nimeona Kitulo ua jeupe la mkungu, kila ua lina mikia miwili nyuma. Nataka kuchimba moja nikalioteshe Dar." (Dar es Salaam)

Mikia miwili ni alama nzuri: hiyo ni okidi ya jenasi ya Satyrium. Ungeona mkia mmoja ningekwambia Habenaria, jenasi nyingine ya okidi. Kuhusu kuchimba, hapana. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na okidi ya ardhini huishi kwa kutegemea kuvu walio katika udongo wake; kwenye joto la Dar itakufa mikononi mwako. Viazi vya okidi za Nyanda za Juu Kusini tayari vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezewa chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kila kiazi kinacholiwa ni mmea uliokwisha. Usiongeze jembe lako. Piga picha, ya jani pia.

"Petali nyeupe chache, kitovu cha njano, mbegu nyeusi zinanasa kwenye suruali." (Lushoto)

Mashona nguo. Majani machanga ni mboga.

"Baada ya kumwagiwa kifusi uani, vimeota vimaua vyeupe vidogo sana, majani kama ya karoti. Mbuzi hawagusi, na mtoto anawashwa." (Arusha)

Gugu karoti. Linaanza kwa kulaza majani chini kama duara, kisha linainua shina lenye mifereji na manyoya. Tazama kila kimaua kwa karibu: kina pembe tano. Asili yake ni Amerika, na husafiri na kifusi, mchanga, majani ya mifugo na tope la matairi. Mmea mmoja waweza kumwaga mbegu zaidi ya 10,000. Huwasha ngozi, huamsha pumu, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu.

Mwondoe mtoto hapo. Vaa glavu na mikono mirefu, ung'oe na mizizi udongo ukiwa na unyevu, kabla halijachanua; yaliyochanua yafunge kwenye mfuko kabla ya kuyagusagusa. Msilichanganye kwenye mashada ya harusi eti linapendeza. Rudi kila baada ya wiki mbili, maana mbegu zilizobaki zitaota mvua ikinyesha tena. Mwite afisa ugani, na umuulize aliyekuletea kifusi alikichota wapi.