Historia ya Nchi kwa Miguu

SWALI: Ndugu Mhariri, watoto wangu wako likizo. Je, hapa mjini Dar es Salaam tunaweza kuiona historia ya nchi yetu bila kusafiri mbali? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid wa Zanzibar, kisha mwende kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, inayowakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, msipite haraka, kwani wapagazi husahaulika mno, nasi twaona ni haki watoto wawasome hapo. Makumbusho ya Taifa, yanayohusishwa na fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959, yako jirani na Bustani ya Mimea, yenye kivuli cha kupumzikia.